Kichupo cha Home Page kwenye Outlook kimeenda wapi

Kaka, hujakosea popote, kichupo hicho cha Outlook, programu ya barua pepe, Microsoft wenyewe ndio waliokiondoa. Zamani ulibofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Home Page, unabandika anwani ya ukurasa, basi: ukifungua folda unaona ukurasa badala ya orodha ya barua. Sasisho la usalama la Oktoba 2017 likaizima huduma hiyo kwenye Outlook 2010, 2013 na 2016. Sababu ni kwamba mdukuzi akishapata nywila yako, aliweza kuipachikia Inbox ukurasa wake, nawe ukifungua Outlook tu, msimbo wake unaendeshwa kwenye kompyuta yako. Tena mpangilio huo hukaa kwenye akaunti upande wa seva, kwa hiyo hata ukifomati mashine, mpangilio huo unarudi tena. Udhaifu huo umesajiliwa kwenye orodha ya wazi ya udhaifu wa programu kwa namba CVE-2017-11774, unaweza kuusoma.

Ipo njia ya kuirudisha kupitia rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya mfumo), thamani inaitwa EnableRoamingFolderHomepages. Mimi kompyuta za wateja wangu hapa Kariakoo siigusi hiyo, hata bosi akibembeleza. Ukiwa na Outlook mpya ya Windows usijisumbue kabisa, haina kitu hicho.

Kama unachotaka ni watu wa ofisini waione orodha ya bei kila asubuhi, weka ukurasa huo uwe wa kwanza kufunguka kwenye kivinjari chao. Dakika mbili, na hakuna anayekudukua kwa hilo.