Matundu matatu hayatoshi: kupima risasi za kujipakilia kwenye bunduki ya kuwindia

Kila anayeanza kujipakilia risasi, yaani kuunganisha mwenyewe ganda, fataki inayowasha, baruti na kichwa kinachoruka, huifikia siku hii: matundu 3 yamegusana kwenye karatasi, sarafu moja inayafunika yote, na jamaa anakusanya vifaa vyake akiamini kazi imekwisha. Kama ni wewe, hongera, lakini usiitie karatasi hiyo kwenye fremu. Safari ijayo, kwa risasi zilezile na bunduki ileile, matundu yataachana mara mbili ya hapo, na utaanza kuilaumu darubini.

Naongea na walioko Marekani. Huko sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejipakilia risasi za matumizi yake mwenyewe, na bei za dukani zimewasukuma wengi walioingia uwindaji wa kulungu hadi kwenye benchi la baruti. Nyumbani mambo ni mengine kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania bunduki na risasi zina sheria kali za vibali. Usiyabebe haya ukayafanyie Arusha.

Sasa kuhusu matundu. Kundi ni matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja, na upana wake ni umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Chukua bunduki ambayo makundi yake ya risasi 3 yana upana wa wastani wa milimita 25 kwa yadi 100, yaani kama mita 91. Bila kubadilisha chochote, piga makundi ya risasi 5 na wastani utapanda hadi kama milimita 32. Piga ya risasi 10 na utakaribia milimita 40. Bunduki haijaharibika, kila risasi unayoongeza inapata nafasi ya kutua pembeni zaidi ya zile za mwanzo. Tena hayo makundi ya 3 yenyewe huyumba sana: hili milimita 15, lile 35, na kilichoyatofautisha ni bahati tu. Kuamua kwa kundi moja la namna hiyo ni kuonja sufuria ya wali kwa chembe tatu.

Hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapopotezea baruti. Wanaongeza kipimo cha baruti kidogo kidogo, wanapiga risasi 3 kwa kila kipimo, kisha wanachagua karatasi iliyopendeza. Ukirudia zoezi zima, mara nyingi mshindi anakuwa mwingine. Njia ninayoiamini ni ya kuchosha kidogo. Chagua michanganyiko miwili tu ya baruti na kichwa inayoonekana kufaa. Pakia risasi 10 za kila mmoja, tundika karatasi mbili, halafu piga kwa zamu: moja ya huu, moja ya ule. Ukimaliza wa kwanza wote ndipo uanze wa pili, huo wa pili utabeba joto la mtutu, upepo wa mchana na uchovu wa bega lako, nawe utadhani ni baruti mbaya.

Kupima upana wa kundi ni rahisi, ila kunatazama matundu mawili tu ya pembeni na kuyatupa mengine yote. Afadhali utafute kitovu cha kundi, upime umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha utoe wastani. Kila risasi uliyoilipia itakuwa imesema neno lake. Tofauti ya michanganyiko miwili ikiwa ndogo hata kwa kipimo hiki, chukua ule wenye baruti kidogo na uendelee na maisha.

Kuhusu usalama sitazunguka. Kipimo cha baruti kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi. Kinachotajwa mdomoni na jirani wa uwanjani si kipimo. Anza na kile cha chini. Ukibadilisha ganda, fataki au kichwa, rudi chini uanze upya, hata kama uzito ni uleule. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Kikomo cha shinikizo kwa .308 Winchester, aina ya risasi ya kuwindia, kwa viwango vya SAAMI, shirika la watengenezaji wa bunduki na risasi Marekani, ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na wewe nyumbani huna kifaa cha kulipima shinikizo hilo. Fataki iliyobapa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inayogoma kufunguka: zikianza kuonekana, huenda ulivuka mpaka zamani. Acha kupiga, nenda nyumbani ukazifungue zilizobaki, utoe kichwa na baruti. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige nyingine kabla ya kuondoa bolti na kuuchungulia mtutu, maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo ndani.

Kifaa cha kupima mwendo wa risasi ni kizuri, ila wageni hukipenda kwa sababu isiyo sahihi. Risasi ya .308 inayotoka kwa mita 808 kwa sekunde ikizidi au kupungua mita 8, kwa yadi 100 itatua juu au chini kwa milimita 1 na kitu. Hutaiona. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa utaisukuma karibu sentimita 2, na huo wengi hawauandiki hata kwenye daftari. Faida kubwa ya kifaa hicho ni nyingine: mwendo ukiupita ule wa juu kabisa kitabuni ilhali kipimo chako bado hakijafika huko, shinikizo limepanda, nawe shuka.

Ya mezani ni machache. Kaza skrubu za darubini kwanza. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mbao ya mbele ya bunduki, usiuguse mtutu, na mwingine ukae chini ya kitako.

Halafu kumbuka unapakia kwa ajili ya nini. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu mwenye mkia mweupe lina upana wa kama sentimita 20. Kundi la milimita 30 au la 40, yeye hajui tofauti. Anachopata ni risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu baridi, na hiyo ndiyo isiyopimwa. Weka karatasi moja ya pekee. Kila ukifika uwanjani, risasi yako ya kwanza iende kwenye karatasi hiyo, kisha ikunje uirudishe kwenye begi. Mwisho wa kiangazi itakueleza zaidi ya makundi yako yote. Mtutu mwembamba wa kuwindia huchemka haraka, kwa hiyo baada ya risasi chache uache upoe, hata kama wenzako wanakutazama.

Hakikisha pia risasi inaingia kwenye magazini, kisanduku cha risasi cha bunduki, na kupanda kwenye chumba cha mtutu bila kusita. Wapo wanaochomoza kichwa mbele kutafuta usahihi, mwisho wanapata risasi ndefu isiyoenea. California, ambako risasi za madini ya risasi zimekatazwa kabisa kwa uwindaji tangu Julai 2019, utatumia vichwa vya shaba, ambavyo kwa uzito uleule ni virefu zaidi. Hivyo vina vipimo vyake kitabuni. Usivipakie kwa namba za vile vya zamani.

Na kama umepima Julai kwenye jua kali, rudi uwanjani baridi likishaingia. Pennsylvania, kwa mfano, msimu wa bunduki wa kulungu tangu 2019 hufunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba, na baadhi ya baruti hubadilika mwendo joto likishuka. Kila boksi liandike aina ya baruti, kipimo, kichwa, fataki, ganda, tarehe na bunduki yenyewe. Boksi lisilo na maandishi lifungue risasi zote, baruti imwage. Za shemeji yako mwachie shemeji.