Baiskeli ya milimani Nairobi: anza Karura, lakini tazama udongo kwanza

Ndugu aliyeuliza humu kundini anakaa Ruaka, pembeni mwa Nairobi, amejinunulia baiskeli ya milimani ya mitumba yenye matairi ya inchi 26, na amechoka kubanwa na matatu kwenye Limuru Road. Anataka kujua aende msitu gani na kama baiskeli yenyewe itahimili. Wengi mmemjibu "nenda Karura", ule msitu wa kaskazini mwa Nairobi, mkaishia hapo. Jibu langu ni hilohilo, ila Karura ya Februari na Karura ya mwisho wa Aprili ni misitu miwili tofauti kwa mtu aliye juu ya baiskeli, na hapo ndipo wageni wengi wa mchezo huu hukata tamaa mapema.

Kaskazini ya Nairobi yote tunakanyaga udongo mwekundu wa volkano wenye mfinyanzi mwingi. Ukikauka ni mgumu, tairi linashika vizuri na mwendo ni mtamu. Mvua ikinyesha kidogo, ngozi ya juu inateleza huku chini bado ni kugumu. Ikinyesha sana, udongo unaganda kwenye tairi, unajaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, na mwisho gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Utaibeba baiskeli begani, tena ikiwa na uzito maradufu. Kwa hiyo masika ya Machi hadi Mei, na zile siku za vuli zinazofululiza mvua, mimi hungoja angalau siku mbili kavu kabla ya kuingia kwenye vijia vyembamba. Kuna sababu nyingine ya kungoja: tairi likipita kwenye matope huacha mfereji, mvua inayofuata inaufuata mfereji huo, na kijia kinageuka korongo ambalo hata wakimbiaji hawalitaki.

Julai hudanganya watu. Mvua hakuna ya maana, manyunyu tu, lakini jua halitoki na udongo haukauki. Utakuta barabara ya nje ni kavu kabisa, uingie chini ya miti uteleze. Januari na Februari shida ni vumbi: tabaka jembamba linalolala juu ya udongo mgumu, na tairi la mbele huponyoka kwenye kona usipoangalia.

Miti nayo ina neno. Mikaratusi ililetwa Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita ili iwe kuni za garimoshi, na bado imejaa Karura. Chini yake jua linapenya na kijia hukauka haraka, lakini magamba yake marefu na majani huanguka njiani, na yakilowa huwezi kuyaamini. Kwenye sehemu za miti ya kiasili, ile ya muhugu na wenzake, kivuli ni kizito na mizizi imejitokeza juu ya ardhi. Huko mizizi hubaki na unyevu hata wakati kila mahali pamekauka. Mzizi uliolowa uvuke kwa kuukata moja kwa moja, gurudumu likiwa wima, bila kugusa breki wala kukata kona juu yake.

Sasa Karura yenyewe. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 na una takriban hekta 1,041, katikati ya mji unaoitamani kila ekari. Kwamba upo hadi leo ni kwa sababu ya watu waliousimamia, Wangari Maathai akiwa mbele; Januari 1999 alipigwa akiwa huko kupanda mti, wakati sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa wajenzi. Hata baada ya hapo, wenyeji wa Nairobi tuliuogopa kwa majambazi. Uzio wa umeme, walinzi wa jamii na ushirikiano wa Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura ndio uliofanya leo mtu aendeshe peke yake bila kugeuka nyuma kila dakika. Nayasema haya kwa sababu kuna waendeshaji wanaonung'unika kulipa langoni. Lipeni. Viwango hubadilika, kwa hiyo sitaviandika, ila jua utalipa kwa simu, usije na noti.

Wewe wa Ruaka, utaingia kwa Lango A la Limuru Road, ukishapita Gigiri. Toka asubuhi kabla magari hayajajaa; msitu hufunguliwa mapema na saa mbili za kwanza ndizo bora kuliko zote. Piga picha ya ramani pale langoni. Makutano ya njia yana vibao vyenye namba, na ukiwa na ramani kwenye simu hupotei. Usipokuwa nayo utazunguka, maana miti yote hufanana. Kwa wiki za mwanzo baki kwenye barabara pana za msitu. Zina mipando na miteremko ya kutosha kukufundisha gia, kwa sababu njia hushuka kwenye mabonde ya mito kisha zikapanda tena. Mkosi wa wengi uko pale chini: wanateremka na gia nzito, wanafika mtoni, wanaanza kupanda, na ndipo wanakumbuka kubadilisha. Cheni inalia, wakati mwingine inakatika. Badilisha gia ukiwa bado kwenye mteremko, miguu ikizunguka mepesi.

Eneo la maporomoko na mapango ya Mau Mau liachie siku za kazi. Jumamosi na Jumapili kuna watoto, bibi harusi wakipigwa picha na mbwa wenye kamba ndefu kuliko subira ya wenyewe. Mtembea kwa miguu ndiye mwenye njia, wala hilo halina mjadala. Funga kengele ndogo, igonge ukiwa mbali, salimia, pita taratibu. Yule anayepita kasi na spika inayobweka mgongoni ndiye atakayetufanya sote tufungiwe vijia, nami sina huruma naye. Asubuhi na mapema ujue pia kuna pongo wanaoruka njia ghafla, na kima hawana haraka ya kumpisha mtu.

Ukishazoea, vuka uende Sigiria, kile kipande cha Karura kilicho ng'ambo ya Limuru Road. Watu ni wachache, na ndiko napenda kumpeleka mtu anayejifunza kona. Lala kidogo na baiskeli, goti la ndani wazi, macho kule unakotaka kutokea wala si kwenye jiwe unaloliogopa. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, halafu achia breki ndani yake. Na breki ya mbele usiiogope. Ndiyo yenye nguvu. Vidole viwili, kwa upole, makalio yakirudi nyuma ya kiti kwenye mteremko mkali. Shusha kiti kabla ya mteremko huo, hata kama ni kusimama na kufungua kwa mkono kama sisi tusio na vya kisasa.

Kuhusu baiskeli yako: inatosha. Kuna watu humu wanakusukuma ununue yenye springi mbele na nyuma. Karura haina mawe ya kuhitaji hivyo, na springi ya nyuma ya mitumba iliyochoka ni mzigo unaoyumba tu. Pesa hiyo weka kwenye matairi yenye meno, upana wa inchi 2.1 hivi kama fremu inaruhusu, na kwenye breki. Breki za mpira zinazobana rimu hufanya kazi vizuri kwenye ukavu, lakini matope mekundu huzila kama msasa, kwa hiyo zikague kila ukirudi. Upepo usijaze hadi tairi liwe jiwe, kama wanavyofanya vijana wa kubebea mizigo. Kwa mtu wa kilo 75 hivi, anza na psi 30 mbele (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), nyuma ongeza kidogo, kisha sikiliza: tairi likigonga rimu kwenye mizizi, ongeza, ukirushwa kwenye kila mzizi, punguza. Beba tyubu moja, pampu ndogo na viraka. Helmeti sijadili.

Wakati wa kuosha, maji ya kawaida na brashi. Mashine ya kuoshea magari inasukuma maji ndani ya beringi za kati na za magurudumu, na baada ya muda utasikia kelele utakayomlipa fundi aiondoe. Kausha cheni, tia mafuta, futa yanayozidi.

Baada ya Karura, watu hukimbilia msitu wa Ngong Road. Ni mzuri, njia zake ni za porini zaidi, ingawa umemegwa sana na barabara kuu ya Southern Bypass imeupasua. Mimi huenda kwa kikundi, na hupitia langoni nikauliza walinzi ni sehemu gani iko sawa siku hiyo. Ukienda peke yako ukiwa mgeni, sikushauri. Miba iko huko kuliko Karura, kwa hiyo ile dawa ya kumiminwa ndani ya tyubu ili izibe pancha yenyewe ina maana.

Siku ukitaka kutoka mjini, nenda Hell's Gate pale Naivasha. Ni mbuga ya taifa ambayo baiskeli inaruhusiwa kati ya pundamilia na twiga. Udongo wake ni kinyume cha wetu: majivu ya volkano, mepesi, yanayopitisha maji upesi. Ndiyo maana mwezi wa Aprili, Karura ikiwa tope, huko bado panaendesheka. Lakini wakati wa kiangazi majivu hayo hugeuka mchanga mzito ambao gurudumu la mbele linazama, na hapo punguza upepo kidogo, kaa nyuma, usikate kona kwa ghafla. Msitu wa Kereita, juu ya mji wa Kimende, ni kisa kingine, mianzi na baridi ya kweli, mwinuko mkubwa kuliko Nairobi. Huko ungojee hadi mapafu yako yaweze kupanda kutoka mtoni Karura bila kushuka na kusukuma.

Ukiingia kwa Lango A Jumamosi hii, mvua iliyonyesha Alhamisi usiipuuze. Kaa kwenye barabara pana, vijia viache hadi Jumatatu.