Maswali ya Wasomaji: Sokwe Waliostaafu

Swali: Mhariri, kwa nini sokwe wanaostaafishwa kutoka maabara za Marekani hawarudishwi msituni? – Msomaji, Likoni, Mombasa.

Jibu: Wengi walizaliwa kizimbani, hawajui kujitafutia chakula, na baadhi walitiwa virusi vya homa ya ini wakati wa majaribio, kuwaachilia msituni, ndugu yangu, ni kuwaua. Serikali ya Marekani ilipotangaza mwaka 2015 kuwa inawastaafisha sokwe wake wa utafiti, wengi walihamishiwa Chimp Haven, hifadhi ya sokwe jimboni Louisiana, ambako huishi kwa makundi na madume hufungwa uzazi. Watunzaji hutia chakula laini ndani ya kichuguu bandia, naye sokwe hukichokoa kwa kijiti, taratibu, kama mtoto anayekomba dafu pale Mama Ngina. Sweetwaters yetu, karibu na Nanyuki, hulea sokwe waliookolewa, si wa maabara.