Kisoma kadi kinawaka, lakini Firefox haioni cheti

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba Windows inakitambua kisoma kadi na Chrome inakiona cheti cha kidijitali kilichomo kwenye kadi (kinachokutambulisha kwa tovuti), ilhali Firefox haioni chochote, sidhani kama kifaa chenyewe kina hitilafu. Visoma kadi vingi vya leo hufuata kiwango cha CCID (kanuni ya pamoja ya visoma kadi vya USB), ambacho Windows na macOS hukielewa bila kiendeshi cha ziada. Kwenye Linux huhitajika pia huduma ya pcscd, inayounganisha programu na kisoma kadi.

Tofauti iko kwenye vivinjari. Chrome na Edge katika Windows hutumia hazina ya vyeti ya mfumo endeshi, lakini Firefox ina hazina yake yenyewe, na ni tangu toleo la 90 la mwaka 2021 tu ndipo ilipoanza kusoma vyeti vya mtumiaji kutoka kwenye mfumo bila kubadilishiwa mipangilio, kwa hiyo sasisha kwanza. Ikishindikana, fungua mipangilio ya faragha na usalama, nenda kwenye vifaa vya usalama, kisha upakie moduli ya PKCS#11 (faili ya programu inayokiwezesha kivinjari kuwasiliana na kadi) uliyopewa na mtoaji wa kadi, au ile ya OpenSC, programu huria ya kadi za aina hii, iwapo inaitambua kadi yako. Moduli ya biti 32 haitapakiwa katika Firefox ya biti 64, na ujumbe wa kosa hausaidii sana kulibaini hilo.

Iwapo tovuti bado inadai programu-jalizi ya Java, usihangaike na mipangilio: Chrome iliacha kuziruhusu mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017.