Hogo linabana na vidole vimevimba: jibu kwa dada wa Pongwe

Dada, pole, na pole kwa kijana. Umesema mwanao wa miaka 8 ameanguka mwembeni, mifupa yote miwili ya kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) imevunjika, jana mchana akafungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushika mfupa, la kuzunguka mkono. Usiku huu analia, vidole vimevimba, dawa haimtulizi, na mama mkwe anataka hogo likatwe apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa. La haraka kwanza: mrudishe hospitali usiku huu huu. Ukipata bajaji nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, moja kwa moja, maana huenda akahitaji chumba cha upasuaji.

Misuli ya kigasha imo ndani ya mifuko ya utando mgumu. Mfupa ukivunjika, damu huvujia humo na nyama huvimba, na uvimbe huendelea kupanda siku 2 hadi 3 za mwanzo. Utando hautanuki, na hogo la kuzunguka halitanuki. Presha ikizidi, damu hukosa njia kwenye mishipa midogo na misuli huanza kufa. Zikipita saa 6 hivi katika hali hiyo, sehemu ya misuli hugeuka kovu, na kovu huvuta vidole vikakunjamana maisha yote. Mfupa uliopinda hunyooshwa hata baadaye. Misuli iliyokufa hairudi.

Mpime sasa hivi hapo alipolala. Shika ncha ya kidole cha kati, kinyooshe taratibu kuelekea nyuma. Akipiga ukelele kwa maumivu yanayopanda ndani ya kigasha, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Muulize kama vidole vina ganzi. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Lakini rangi ikirudi usitulie, wala usitulie kwa sababu vidole vina joto. Rangi na joto huharibika mwisho kabisa, mambo yakiwa yameshachelewa. Mtoto asiyetulia, anayedai dawa kila mara na kila mara haimtoshi, huyo peke yake ni sababu ya kutoka nyumbani.

Njiani laza mkono juu ya mto, usawa wa moyo. Usiuning'inize, wala usiuinue juu ya kichwa. Kuinua kunafaa kwa uvimbe wa kawaida, ila hapa kunapunguza damu inayoingia. Usimpe chakula kwa sasa, kwa sababu ya nusukaputi. Ukifika waambie hivi: hogo ni la kuzunguka, maumivu yanazidi, akinyooshwa vidole analia.

Hogo linatakiwa lipasuliwe urefu wote, na chini yake pamba na bandeji zikatwe mpaka ngozi ionekane. Hapo ndipo watu hukosea: plasta inapasuliwa, pamba iliyolowa damu na kukauka inaachwa, nayo hukaza kama kamba. Kaa ukiangalia mpaka uione ngozi. Maumivu yasipopungua baada ya hapo, watafungua utando kwa upasuaji, usikatae. Na siku nyingine ujue kwamba mvunjiko mbichi hufungwa hogo la nusu, lile la upande mmoja kama mfereji lililoshikwa kwa bandeji, au la kuzunguka lililopasuliwa tangu mwanzo.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa adabu kwamba wazee wa mifupa wapo wenye mikono mizuri, na mivunjiko midogo ya watoto hupona hata kwa mabanzi. Tatizo ni kwamba mabanzi ya mianzi yakikazwa kwa kamba siku za uvimbe hubana vilevile, na mwanao tatizo lake usiku huu ni kubanwa. Kuchua nako, hasa karibu na kiwiko, huchokoza nyama mpaka mfupa mpya ukaota ndani ya misuli na kiungo kikakakamaa.

Hatari ikishapita, kazi inayobaki ni ya subira. Picha ya eksirei irudiwe baada ya wiki 1, ya mbele na ya ubavuni, kiwiko na kifundo cha mkono vionekane. Uvimbe ukishuka hogo hulegea, mifupa ikateleza kimyakimya. Ikigunduliwa ndani ya wiki 2 hunyooshwa upya kirahisi, baada ya hapo imeshaanza kushikana. Kwa umri wake hogo hukaa wiki 4 hadi 6. Lisilowe maji, maana plasta hulainika na ngozi huoza chini yake. Joto la Tanga litamwasha, naye atatafuta chelewa ya ufagio ajikune. Zifiche, kwani kidonda chini ya hogo hakionekani mpaka kitoe harufu. Ajipepee kwa pepeo, na vidole avichezeshe kila saa akiwa macho.

Siku ya kulitoa utaona mkono mwembamba, ngozi inabambuka, vinyweleo virefu. Ni kawaida, usimchue. Mfupa bado ni mchanga, kwa hiyo kwa wiki 6 nyingine asipande mti wala kucheza mpira, hata akikuapia kwamba hauumi tena.