Unataka kuanza kahawa? Hesabu mikono kabla ya kuhesabu miche

Wengi wanaotaka kuingia kwenye kahawa swali lao la kwanza ni shamba langu litaingia miche mingapi, na jibu wanapewa haraka tu, kwamba arabika ya kawaida (moja ya aina kuu mbili za kahawa, nyingine ni robusta) ukiipanda mita 2.7 kwa 2.7 hekta moja inachukua miche 1,370 hivi, basi mtu anaondoka hapo anapiga hesabu za hela. Mi nakuomba uanze na hesabu nyingine kwanza. Hapo nyumbani mpo wangapi ambao msimu ukifika mnaweza kuingia shambani kuchuma, alafu mkarudi tena baada ya siku kumi au wiki mbili, na tena, mpaka matunda yaishe?

Nasema hivyo kwa sababu kahawa haiivi kwa mpigo. Mti unakaa kiangazi, mvua ya maana ikipiga, baada ya siku kama nane hadi kumi shamba lote linakuwa jeupe kwa maua, na mvua nyingine ikija inaleta maua mengine. Arabika kutoka ua mpaka tunda bivu ni miezi 7 hadi 9, robusta ni ndefu zaidi, inaweza kufika miezi 11. Kwa hiyo tawi hilo hilo moja unalikuta na tunda jekundu, lingine ndo linaanza kugeuka rangi, na lingine bado kijani kabisa, na unatakiwa uchukue lile jekundu tu.

Sasa chukua miti 500. Mti unaotunzwa vizuri ukikupa kilo 3 hadi 5 za matunda, hapo una kilo 1,500 hadi 2,500 ambazo zote zinapita kwenye vidole vya watu, tunda moja moja, na ukishamaliza kila kitu inahitajika kama kilo 5 au 6 za matunda kupata kilo moja ya kahawa iliyokobolewa. Familia ikizidiwa kinachotokea nakijua, watu wanaanza kukwangua tawi zima, mabichi na mabivu yanaingia ndoo moja, vifundo vya tawi vinachubuka, na yale yaliyopitiliza yanaachwa yakauke mtini au yadondoke chini. Hayo yaliyoachwa ndo nyumba ya yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda kwenye kitovu na kuzaliana ndani ya punje, anasubiri humo mpaka matunda mapya yaje. Mi niko radhi nimwone mtu ana miti 300 anayoimudu kuliko 1,000 iliyomshinda.

Kupanda sitakaa sana. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kahawa inapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5 na 6.5 hivi, wenye kina na usiotuamisha maji. Cha kukazania hapa ni mzizi mkuu. Ukipokea miche chomoa mmoja miwili kwenye mfuko uangalie, mzizi ukiwa umejikunja chini usiupande hata kama majani yanameremeta, maana utakua miaka miwili mitatu vizuri tu na kuanzia pale unapoanza kubeba matunda unaanza kunyong'onyea huku hujui tatizo. Na kama ni robusta usipande kloni (miche iliyotokana na mti mmoja) ya aina moja shamba zima, yenyewe haijichavushi, tofauti na arabika, inahitaji chavua ya mti wa aina nyingine.

Jembe nalo taratibu. Mizizi inayolisha mti mingi ipo juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza, ukilima kwa nguvu karibu na shina unaikata yote. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani, palilia kwa mkono pale chini ya mti, ila matandazo usiyasogeze yakagusa shina.

Tuje kwenye matawi, hapa ndo naomba usome polepole. Mbuni, yaani mti wa kahawa, wa arabika unazaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Kifundo kilichokwisha kubeba matunda, ndo basi, hakitazaa tena. Nenda shambani shika tawi moja uliangalie kuanzia kwenye shina, utaona sehemu ya ndani ipo uchi, haina majani, ilishazaa zamani, katikati ndo kuna matunda ya sasa, na kule nchani kuna kijiti cha kijani chenye majani mapya, hicho cha kijani ndo mavuno ya mwakani. Mtu mgeni anaangalia matunda anafurahi, mzoefu anaangalia kile cha nchani ni kirefu kiasi gani. Mti ukibeba kupita uwezo wake unatumia nguvu zote kwenye matunda, nchani hapakui kitu, mwaka unaofuata unapata kiduchu na matawi mengine yanakauka kabisa.

Ndo maana tunapogolea. Ukimaliza kuchuma toa matawi yaliyokauka, yaliyozeeka, yanayorudi ndani na yanayogusa ardhi, alafu maotea yanayochipua kwenye shina uyatoe mapema yakiwa laini, unayavunja kwa kidole tu, ukisubiri yawe miti itabidi utafute msumeno. Mwanga na upepo vikipita katikati ya mti, kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, navyo vinapungua nguvu, sio kwamba vinaisha, vinapungua. Kutu ya majani usiichukulie poa, ndo iliyoanza kushambulia mashamba ya Sri Lanka mwaka 1869 mpaka wakulima wakaishia kuhamia kwenye chai. Geuza jani uangalie chini, ukiona unga wa rangi ya chungwa ndo yenyewe. Kama bado hujapanda tafuta mbegu inayostahimili magonjwa, hiyo itakuokolea dawa nyingi mno.

Baada ya kuchuma kazi ya siku haijaisha, na hapa ndo naona kahawa nzuri nyingi inaharibikia. Matunda menya siku ile ile, yakilala yanaanza kuchacha yenyewe. Kwanza yamwage kwenye maji, yanayoelea yatoe uyaweke pembeni, ni mepesi, mengi yameliwa au hayakujaa. Ukishamenya unavundika, yaani unaiacha kahawa ichachuke kwenye chombo, ili ule ute utoke, inaweza kuchukua saa 12 au hata 36 kutegemea na baridi ya mahali, kwa hiyo usifuate saa, fuata mkono. Chukua kahawa kidogo, ioshe, isugue kwenye viganja, ikiteleza bado, ikikwaruza kama changarawe osha hapo hapo kwa maji safi, ukiichelewesha inachukua harufu kali ya uchachu na hiyo haitoki tena.

Kuanika tumia kichanja, sio ardhini. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, chambua zilizovunjika na zilizotobolewa, jua la mchana likiwa kali siku za mwanzo funika la sivyo ganda linapasuka, na usiku pia funika. Kahawa iliyoanza kukauka ikiloa tena ni hasara, hivyo mtu mmoja wa kukaa karibu na kichanja umhesabu kwenye ile mikono ya mwanzo, wengi wanamsahau. Unaitoa unyevu ukiwa asilimia 10 hadi 12, kama huna kipimo cha unyevu omba upimiwe kule unakopeleka, usikisie kwa meno.

Magunia yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na kwenye chumba hicho kusiwe na mafuta ya taa, mbolea wala dawa za shambani, kahawa inanyonya harufu haraka sana, iache na ganda lake mpaka siku ya kukoboa.