Jiwe la mpaka la zamani: fundi asiling'oe

SWALI: Shikamoo mpima. Tunajenga ukuta kwenye kiwanja cha marehemu babu, Ilala. Tulipofyeka pembeni tumekuta kizege chenye nondo katikati, na herufi zilizofutika nusu. Fundi anasema kinazuia msingi, tukitoe. Aliingiza namba za kwenye ramani ya babu katika simu yake, ikaonyesha kona yetu iko kama mita 300 kutoka hapo. Jiwe hili lina kazi tena?

JIBU: Marahaba. Mwambieni fundi aweke sururu chini kwanza.

Hizo mita 300 si kosa la jiwe. Ramani zetu nyingi za zamani zilijengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS84, ule wa GPS. Hapa Dar, nukta ileile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili hupishana takriban mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Hata mfumo ukiwa sahihi, simu hukosea mita kadhaa, na mita moja tu Ilala ni ugomvi wa miaka na jirani.

Kwetu wapima, jiwe la awali ambalo halijasogezwa lina nguvu kuliko namba za kwenye karatasi, kwa sababu ramani inaeleza mawe yaliyosimikwa. Kazi ni kujua kama limesogezwa. Mimi huchimba pembeni yake taratibu, kwa mwiko. Nikikuta udongo umelishika zege pande zote, natulia. Nikikuta chini yake mfuko wa plastiki au kizibo cha soda, najua kuna mtu alilihamisha. Kisha napima hadi mawe ya majirani na kulinganisha na ramani. Angalieni kama vipimo vyake ni vya futi: futi 100 ni mita 30.48, na anayeandika 30 kwa kurahisisha amewapunguzia sentimita 48.

Kisheria, kung'oa alama ya upimaji ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haiwezi kulibeba jiwe hili moja kwa moja, maana ulinzi wake wa jumla ni kwa vitu vya kabla ya 1863. Lakini kwangu ni urithi kamili. Mji huu uligawanywa kwa mkono wa wakoloni: Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili Uhindini, mtaa wa Wahindi, na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, visigusane, na mawe kama hili ndiyo nyayo za mkono huo. Nalisema kwa uchungu, kwani nimeyaona mengi yakiishia kwenye kifusi. Na wenye mashamba huko Chanika, msidharau minyaa na minazi ya mipakani. Pasipopimwa, hiyo ndiyo bikoni, yaani alama ya mpaka, na wazee wanaojua nani aliipanda ndio mashahidi wenu. Waulizeni wangali hai.

Nyie pigeni picha na rula ikiwa kando ya jiwe, nakilini kila herufi inayosomeka, na msizipake rangi. Kabla ya kumwaga zege la msingi, mtafuteni mpima ardhi aliyesajiliwa awafufulie mipaka, yaani aitafute na kuionyesha upya. Msingi upite upande wenu, na penye jiwe fundi aache kishimo chenye mfuniko, kama wa chemba, ili mpima atakayekuja baadaye alifikie.